Vitamini D: tunapima wasiohitaji, tunawasahau wanaohitaji

Juni 2024 chama cha madaktari wa homoni chenye makao yake Marekani, Endocrine Society, kilitoa mwongozo mpya kuhusu vitamini D. Mwaka 2011 chama hichohicho ndicho kilichotangaza kwamba mtu hana vitamini D ya kutosha mpaka damu yake ifikishe nanogramu 30 kwa kila mililita. Sasa kimeuacha mpaka huo, na kinashauri watu wazima wenye afya njema wasipimwe vitamini D kwa mazoea. Huku kwetu Uganda habari hiyo imepokelewa kwa namna mbili, na zote mbili zimekwenda kombo. Wapo waliosema kwamba vitamini D ilikuwa biashara tangu mwanzo, kwamba sisi tunaoishi kwenye Ikweta hatuna haja nayo. Wapo pia wanaoendelea kuuza vifurushi vya vipimo na vidonge vya dozi kubwa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Msimamo wangu ni huu: upungufu wa vitamini D upo Uganda, ila haujasambaa kwa kila mtu. Umekaa kwa makundi yanayojulikana, na mengi kati yake hayana fedha za kuingia maabara binafsi. Anayepimwa leo ni mwenye bima na mshahara, na mara nyingi huyo ndiye asiyehitaji kupimwa.

Tuanze na jinsi mwili unavyoitengeneza, kwa sababu makosa mengi yanazaliwa hapo. Vitamini D tunayoitegemea zaidi hatuili, tunaitengeneza. Miale ya jua ya aina ya UVB inapopiga ngozi, hugeuza kemikali iliyomo humo, jamaa ya kolesteroli, ikawa vitamini D3. Hiyo huenda kwenye ini, ikabadilishwa kuwa umbo ambalo maabara hulipima, kisha figo hulimalizia kuwa homoni inayofanya kazi yenyewe. Kazi yake kubwa, ambayo hakuna anayeibishia, ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Ikikosekana kwa muda mrefu, mifupa ya mtoto hulainika na kupinda, na hayo ndiyo matege yatokanayo na lishe. Kwa mtu mzima mifupa huuma na misuli ya mapaja hulegea mpaka kuinuka kwenye kiti kunakuwa shida. Mengine yote yanayotangazwa, kuanzia saratani na moyo hadi huzuni na nywele kukatika, yako kwenye daraja tofauti la ushahidi, nami nitayarudia.

Mpaka wa nanogramu 30 ulipata nguvu kuliko sayansi iliyouzaa. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipopitia ushahidi kwa ajili ya ripoti yake iliyotoka mwishoni mwa 2010, ilikuta kwamba nanogramu 20 zinatosha mifupa ya karibu watu wote. Kati ya 20 na 30 pana umati wa watu, na ukipandisha mpaka, umati huo wote unakuwa wagonjwa usiku mmoja bila yeyote kuugua. Mwaka jana shemeji yangu, mhasibu jijini Kampala, alinionyesha karatasi ya majibu yake. Mstari wa vitamini D ulisomeka 24, pembeni pameandikwa kwamba kawaida ni 30 hadi 100, na mbele yake pamewekwa nyota na neno la Kiingereza la kumwambia amepungukiwa. Hakuwa na maumivu ya mfupa, hakuwa na ugonjwa wowote. Kipimo kilikuwa ndani ya kifurushi cha uchunguzi wa afya. Alitoka na vidonge vya yuniti 50,000 (yuniti 40 ni mikrogramu moja), kimoja kila wiki, na hofu ambayo haikuwepo asubuhi ile. Damu yake ilikuwa na kiwango ambacho taasisi iliyofanya hesabu kwa uangalifu zaidi ingekiita cha kutosha. Nyota ile ilitoka kwenye programu ya mashine, na programu hiyo ilibeba mpaka ambao waliouweka wenyewe wameshauacha.

Katika hoja zote zinazotolewa kuhalalisha upimaji wa kila mtu, iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema ngozi nyeusi haiwezi kujitengenezea vitamini D ya kutosha. Nimeisikia redioni, nimeisikia hata kwa wahudumu wa afya. Ndani yake imo nusu ya ukweli: melanini, rangi asilia ya ngozi, huzuia sehemu ya miale, kwa hiyo mtu mweusi anahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mweupe ili apate kiasi kilekile. Lakini kuhitaji muda zaidi si kushindwa. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadza wa Tanzania wanaoishi kwa ufugaji na uwindaji, watu wanaoshinda nje, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, yaani takriban nanogramu 46. Hawakuwa wakimeza kidonge chochote. Ngozi zao ni nyeusi kama zetu na jua lao ni jua letu. Kinachowatofautisha na mhasibu wa Kampala ni saa wanazokaa nje. Tena mwongozo wa 2024 umelitaja jambo hili waziwazi: hata watu wenye ngozi nyeusi wanaoishi Marekani, ambako majira ya baridi ya maeneo mengi hayana UVB ya maana kwa miezi kadhaa, hawashauriwi kupimwa kwa mazoea kwa sababu tu ya rangi yao, maana hakuna jaribio lililoonyesha kwamba kuwapima hivyo kunawafaidi.

Upande wa pili nao usijipongeze. Msemo kwamba "sisi tuna jua" unafaa kuanzia mazungumzo tu. Uchambuzi mkubwa wa tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta takriban asilimia 34 ya waliopimwa wako chini ya nanogramu 20, na asilimia 18 wako chini ya 12, kiwango ambacho mifupa huanza kuwa hatarini kweli. Takwimu hizo zimezungushwa sana mitandaoni, ila wanaozizungusha huacha sehemu yenye maana: viwango vilikuwa chini zaidi katika nchi za Afrika Kaskazini na Afrika Kusini kuliko hapa katikati, chini zaidi mijini kuliko vijijini, kwa wanawake kuliko wanaume, na kwa watoto wachanga kuliko mama zao. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa watoto wadogo zaidi ya 4,500 kutoka Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini. Waliokuwa chini ya nanogramu 12 hawakufika hata asilimia moja, na waliokuwa chini ya 20 walikuwa kama asilimia 8. Mtoto anayekimbizana uani hana shida hii. Shida inamfuata aliyefungiwa: na ofisi, na ugonjwa, na uzee, na zamu ya usiku, au na uchanga wake mwenyewe.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye jua la asubuhi, kwa sababu kosa lake linapitishwa kwa nia njema kutoka kizazi hadi kizazi. Mama aliyejifungua huambiwa amtoe mtoto nje saa moja au saa mbili asubuhi, jua likiwa bado pole, ili apate vitamini D. Jua la saa hizo lina mwanga na lina joto kidogo, na kumtoa mtoto kwenye chumba chenye unyevu ni jambo zuri kwa sababu nyingine. UVB ndiyo haipo ya kutosha. Jua likiwa chini, miale yake hupita kwa mshazari katika tabaka nene la hewa, na gesi ya ozoni iliyo angani huichuja UVB karibu yote kabla haijafika kwenye ngozi. Kanuni rahisi ni kivuli: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inatengeneza vitamini D kidogo mno, kikiwa kifupi kuliko wewe, inatengeneza. Kampala jua hufika juu kabisa kwenye saa saba kasoro, kwa hiyo muda unaofaa ni takriban kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi kasoro alasiri, na kwa kuwa tuko jirani na Ikweta, hali ni hiyo mwaka mzima. Kwa mtu mzima mwenye ngozi nyeusi, kutembea saa ya chakula cha mchana mikono ikiwa wazi mara kadhaa kwa wiki kuna faida kuliko kuota jua la mapambazuko kila siku. Kioo nacho huzuia UVB, hivyo kukaa kando ya dirisha la ofisi au kwenye foleni ya magari vioo vikiwa vimefungwa hakuhesabiki hata kama unatoka jasho.

Kwa mtoto mchanga jambo ni gumu zaidi, na sioni busara ya kumwambia mama amtoe mtoto wa wiki tatu kwenye jua la saa saba. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2008 wamependekeza matone ya yuniti 400, sawa na mikrogramu 10, kila siku kwa watoto wanaonyonya, kuanzia siku za kwanza. Mtoto wa kijijini anayebebwa mgongoni shambani pengine hatayahitaji kwa muda mrefu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au anayekulia chumba kimoja kwenye kitongoji cha mjini huku mama akiogopa kumtoa, huyo anayahitaji. Tunatumia nguvu nyingi kumtisha mhasibu mwenye 24 na nguvu chache mno kumfikishia mtoto huyu chupa ndogo ya matone.

Chakula kinasifiwa kuliko uwezo wake, na kinapuuzwa pale kinapofaa kweli. Kiini cha yai kina takriban yuniti 40. Mtu mzima anashauriwa kupata yuniti 600 kwa siku, sasa fikiria mayai 15 kila siku. Maini yana kidogo. Samaki wenye mafuta wana zaidi, na uyoga ukianikwa juani hutengeneza vitamini D2, jambo ambalo wanaokausha uyoga wao uani wanalipata bila kukusudia. Kwa ujumla sahani ya kawaida ya Mganda, matoke au posho (ugali) na maharage, haimpi vitamini D ya kuhesabika, na hakuna ushauri wa lishe utakaolibadilisha hilo haraka. Lakini sahani hiyohiyo ina upungufu mwingine ambao haupimwi kwenye vifurushi vya maabara: kalsiamu. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Nigeria kwa watoto wenye matege. Wengine walipewa vitamini D, wengine kalsiamu, wengine vyote viwili. Waliopewa kalsiamu, iwe peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Watoto wale hawakukosa jua. Walikuwa wakila takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku, robo ya mahitaji yao au pungufu. Somo hilo linatuhusu moja kwa moja. Mukene, dagaa wetu, huliwa pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ni kalsiamu tupu, ulezi, ambao Teso na kwingineko wanaupika na kuunywa kila siku, una kalsiamu kuliko nafaka nyingine zote za kawaida, ufuta unayo, maziwa tunayo mpaka tunauza nje ya nchi. Shule ya bweni inayowalisha watoto posho na maharage mwaka mzima ingefanya jambo kubwa kwa mifupa yao kwa kuwapa uji wa ulezi asubuhi na mukene mara mbili kwa wiki, kabla hata hatujazungumzia kidonge.

Tuje kwenye vidonge. Hoja yao yenye nguvu ni kwamba dozi ndogo ni nafuu na salama, na kwamba hata Uingereza inashauri kila mtu afikirie mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi. Nakubali, ila Uingereza inashauri hivyo kwa sababu jua lake miezi hiyo haliwezi kazi, na dozi inayoitaja ni yuniti 400, wala si 50,000. Madai makubwa zaidi yamejaribiwa na hayakusimama. Jaribio la VITAL la Marekani liliwapa watu 25,871 ama yuniti 2,000 kila siku ama kidonge kisicho na dawa, na baada ya wastani wa zaidi ya miaka mitano saratani na maradhi ya moyo yalitokea sawasawa pande zote mbili. Wateteaji wa vidonge walijibu kwamba washiriki wengi walikuwa na vitamini D ya kutosha tangu mwanzo, na jibu hilo ni la haki. Basi litazame jaribio la Mongolia, lililotangazwa 2020, ambalo swali lake linaihusu Uganda kwa karibu: je, vitamini D inazuia maambukizi ya kifua kikuu? Watoto wa shule zaidi ya 8,800, karibu wote wakianza na kiwango chini ya nanogramu 20, walipewa ama yuniti 14,000 kila wiki kwa miaka mitatu ama kidonge tupu. Maambukizi hayakupungua. Katika nchi inayozika watu kwa kifua kikuu kila mwaka, kumwambia mtu vidonge hivi vitamkinga ni kumnyima sababu ya kwenda kupima makohozi mapema.

Na dozi kubwa si maji. Huko Australia, wanawake wazee zaidi ya 2,200 walishiriki jaribio ambalo nusu yao walipewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, kwa matumaini kwamba wataanguka na kuvunjika mara chache zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalikuwa kinyume: waliopewa vitamini D walianguka zaidi na kuvunjika zaidi. Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta na hukaa mwilini, hivyo anayemeza kila siku kidonge alichoandikiwa kila wiki anajilimbikizia mpaka kalsiamu inajaa kwenye damu: kiu isiyoisha, kutapika, kuchanganyikiwa, mawe kwenye figo. Kosa hilo ni rahisi kutokea pale ambapo vidonge vinatolewa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, na maneno "kwa wiki" hayakuandikwa popote.

Basi nani hasa anahitaji msaada? Mgonjwa wa kifafa anayetumia fenitoini, fenobabitali au kabamazepini kwa miaka, kwa sababu dawa hizo huharakisha ini kuivunja vitamini D. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini, kwa sababu ileile. Mgonjwa wa figo, ambaye hatua ya mwisho ya kuitengeneza homoni imeharibika. Mtoto mwenye selimundu. Mzee asiyetoka kitandani, na askari wa zamu ya usiku anayelala mchana kutwa. Mwanamke anayejisitiri mwili mzima na kufanya kazi ndani. Huyu hana haja ya kubadilisha vazi lake, kidonge kidogo cha kila siku kinamtosha, au ua wa nyumbani wenye faragha. Mwenye ualbino naye asilazimishwe kutafuta jua kwa jina la vitamini D: ngozi yake huitengeneza kwa mwanga kidogo sana, na hatari yake ya saratani ya ngozi ni kubwa mno. Mwongozo wa 2024 unawaongezea wajawazito, watoto wa mwaka 1 hadi 18 na wazee wa miaka 75 na zaidi, ambao wanashauriwa kupewa bila hata kupimwa. Sehemu hiyo ndiyo waliosema "vitamini D imefutwa" hawakuisoma.

Kuna hatua moja ambayo ingewafikia wengi kwa mara moja. Mafuta ya kupikia Uganda yanaongezwa vitamini A kwa mujibu wa sheria, na vitamini D, ambayo pia huyeyuka kwenye mafuta, inaweza kuingizwa kwenye tangi lilelile na mashine ileile. Pakistan inafanya hivyo, na India ina kiwango rasmi cha mafuta yaliyoongezwa A na D pamoja. Watakaopinga watasema hatujui kila Mganda anahitaji, na kwamba nimejipinga mwenyewe. Sidhani. Kiasi kinachowekwa kwenye mafuta ni kidogo, kiko mbali na madhara, na kinamfikia mama wa Karamoja na mgonjwa wa kifafa wa Kasese bila yeyote kati yao kulipia kipimo. Wakati hilo linajadiliwa, Wizara ya Afya inaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji sheria mpya: kuzitaka maabara zichapishe 20 badala ya 30 kama mpaka, na kuhakikisha kliniki za kifafa na wodi za watoto njiti zina vitamini D ya dozi ndogo rafuni, karibu na dawa zinazotolewa kila siku.